Bima ya Kabwela Ina Kikomo, ya Wakubwa Haina

Kijana, wewe uliyelishika gazeti hili kijiweni huku bodaboda yako imeegemea ukuta, hebu nikuulize swali moja. Ukisikia neno bima, unafikiri nini? Najua. Unafikiri stika, unafikiri trafiki, unafikiri namna ya kupita pale njia panda bila kutoa kitu kidogo. Hujawahi kufikiri kwamba bima ni siasa. Na wakubwa wanafurahi sana kwamba hujawahi kufikiri hivyo, kwa sababu siku kampuni au benki inapoanguka, wao ndio wanaoamua nani ainuliwe na nani aachwe chini. Wewe unasikia redioni.

Leo nitakupeleka Mbinga. Usiseme Mbinga ni mbali. Ni mbali kweli, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Dar es Salaam, na huo umbali wenyewe ni sehemu ya hadithi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wana-Mbinga hawakuwepo mezani maamuzi yalipokuwa yakifanywa, na chao kikaondoka.

TAREHE 12 MEI 2017

Siku hiyo Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni Mbinga Community Bank na kuifunga. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu mkubwa wa mtaji na ukwasi. Kwa Kiswahili cha kijiweni: benki ilikuwa haina fedha ya kutosha kuwalipa wenye fedha zao. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi.

Hapo ndipo neno bima linapoingia, na hapo ndipo nakuomba usome polepole. Kila benki nchini huchangia kila mwaka kwenye mfuko wa bima ya amana. Benki ikifa, mfuko huo unamlipa mwenye akaunti. Ni jambo jema kabisa, hakuna anayelipinga. Lakini mfuko una kikomo, na mwaka 2017 kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000. Ukiwa na laki tatu, unalipwa laki tatu zako zote. Ukiwa na zaidi ya milioni moja na nusu, unalipwa milioni moja na nusu, halafu unaambiwa ukae usubiri mfilisi auze mali za benki, awafukuzie waliokopa, alipe gharama, na kama kitabaki kitu basi mtagawana.

Sasa chukua mfano wa mkulima wa kahawa kule Litembo au Maguu. Ameuza msimu wake, ameweka milioni sita. Hiyo si fedha ya anasa. Ndani yake kuna mbolea na dawa za msimu ujao, ada za watoto, bati la nyumba. Benki inafungwa. Bima inampa milioni moja na nusu. Milioni nne na nusu zinageuka kuwa karatasi ya kusubiri. Mbolea haisubiri mfilisi. Chulebuni ikishaivamia shamba, huwezi kuionyesha barua ya mfilisi.

Chukua na mchuuzi wa dagaa anayenunua Mbamba Bay, Liuli au Lituhi na kuupandisha mzigo milimani. Mtaji wake ndiyo kazi yake. Ukimkata robo tatu ya mtaji, humpunguzii kipato tu. Unamfuta kazi.

Halafu sikiliza hii. Mwaka 2023 kikomo kilipandishwa kutoka shilingi 1,500,000 hadi 7,500,000. Mara tano! Ni vizuri, pongezi kwa waliofanya. Lakini jiulize: kama yule mkulima wa milioni sita angefungiwa benki baada ya mabadiliko hayo, angelipwa zote, hata senti isingebaki. Alifungiwa 2017, akakutana na kikomo cha zamani. Je, mkulima alikosa nini? Alikosa kalenda tu. Fedha ni ileile, jasho ni lilelile, nchi ni ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa wakubwa.

Na kama kikomo cha milioni moja na nusu kilikuwa hakitoshi mwaka 2023, nani aliyetuambia kilitosha mwaka 2017? Bei za vitu zilipanda usiku mmoja?

KILA AWAMU NA BIMA YAKE

Vijana wengi hamkuwepo, kwa hiyo turudi nyuma kidogo. Nchi hii, kila upepo wa siasa unapogeuka, sheria ya nani abebe hasara nayo inageuka.

Mwaka 1963 liliundwa Shirika la Bima la Taifa, NIC. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa, na biashara ya bima ikakabidhiwa NIC peke yake. Mpende usipende, bima ilikuwa duka moja. Ukicheleweshewa madai yako ungekwenda wapi? Kwa nani?

Miaka ikapita, ukaja wakati wa ruksa na mageuzi ya uchumi. Mwaka 1991 ikatungwa sheria ya mabenki iliyofungua milango kwa benki binafsi na kuleta hiyo bima ya amana. Mwaka 1996 Bunge likapitisha Sheria ya Bima, ukiritimba wa NIC ukaisha kisheria. Kampuni binafsi zikaja. Na nani aliyekuwa msimamizi wa soko? Idara ndani ya Wizara ya Fedha! Serikali hiyohiyo ndiyo ilikuwa mwenye NIC. Yaani mwenye timu ndiye mwenye filimbi. NIC ikayumba, madai ya wateja yakarundikana, ikawekwa kwenye orodha ya mashirika ya kuuzwa, kisha ikatolewa kwenye orodha na kubaki mali ya serikali.

Mwaka 2009 ikatungwa sheria mpya ya bima, ikazaa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Hatua mbele, sikatai. Sheria hiyo ilitaka angalau theluthi moja ya umiliki wa kampuni za bima iwe mikononi mwa Watanzania, na ikaweka nafasi ya msuluhishi wa migogoro ya bima. Lakini Kamishna wa Bima anateuliwa na Rais, mamlaka iko chini ya Wizara ya Fedha, na NIC bado ni ya serikali. Filimbi imebadilishwa rangi, nyumba inayotoka ni ileile.

Na Mbinga katika haya yote? Mbinga ilipigwa na kila wimbi. Watu wa Ruvuma walikuwa na ushirika wao wa Ngoni-Matengo tangu mwaka 1936, enzi za mkoloni. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima kwa amri, kisha mwaka 1982 ikatunga sheria ya kuvirudisha. Mbinga wakapata chama chao kikuu, MBICU, ambacho kiliwakopesha wakulima pembejeo na kukusanya kahawa. Soko la kahawa likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na katikati ya miaka ya 1990 MBICU ikaanguka. Pembejeo za mkopo zikakatika. Mkulima wa ngoro, anayelima mashimo mlimani kwa ustadi ambao wataalamu kutoka Japani walikuja kuusoma, akaachwa ajitegemee.

Ushirika ulikufa, benki ya wananchi ikafa. Mara zote mbili waliofanya maamuzi makubwa ya sera hawakupoteza hata gunia moja la kahawa.

MTOTO WA NYUMBANI NA MTOTO WA JIRANI

Utaniambia, benki mbovu lazima ifungwe. Nakubali. Lakini basi zifungwe zote kwa kipimo kimoja. Hebu tuangalie tarehe.

Oktoba 2016 Twiga Bancorp, benki ya serikali, ilikutwa na ugonjwa uleule wa mtaji. Benki Kuu ikaichukua chini ya usimamizi wake, na mwaka 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta. Mteja wa Twiga alihama na akaunti yake. Hakuambiwa habari za kikomo, hakupanga foleni ya mfilisi.

Mei 2017 FBME ikafutiwa leseni, siku nne kabla ya Mbinga. Hiyo ilikuwa benki ya kimataifa iliyotuhumiwa na Marekani mwaka 2014 kwa utakatishaji wa fedha, na ilikaa chini ya usimamizi wa Benki Kuu karibu miaka mitatu kabla ya kufungwa.

Januari 4, 2018 zikafungwa tano kwa mpigo: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera na Meru Community Bank. Soma majina hayo tena taratibu. Wanawake. Waumini. Njombe. Wakulima wa Kagera. Wameru. Kuna jina la kigogo humo?

Mtoto wa nyumbani alipougua alipelekwa kwa shangazi akapona. Mtoto wa jirani alipougua alipimiwa sanda.

Na tusisahau upepo wa wakati ule. Mwaka 2016 serikali iliagiza fedha za mashirika ya umma zitoke kwenye benki za biashara ziende Benki Kuu. Sera hiyo ilikuwa na hoja yake: kwa nini serikali ikope fedha zake yenyewe kwa riba? Hoja nzuri. Lakini ukwasi ulikauka kwenye mabenki mengi, na kila mfanyabiashara wa wakati ule anakumbuka vyuma vilivyokaza. Sisemi hilo ndilo lililoiua benki ya Mbinga. Nasema hivi: serikali inayoweza kubadili hali ya hewa ya mabenki kwa waraka mmoja, haiwezi kumwambia mwenye akaunti Mbinga kwamba mvua ni bahati mbaya yake.

ETI WENYE HISA WALALE NA WENYE AKAUNTI?

Wapo wasomi watakaosema: tukiwalipa wote kila kitu, mameneja watacheza kamari na fedha za watu wakijua serikali italipa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa meneja. Ni ya kweli kwa mkurugenzi aliyeidhinisha mikopo, na ni ya kweli kwa mwenye hisa aliyetaka gawio. Hao wabebe mzigo wa kwanza, hakuna ubishi. Lakini mwenye akaunti alikosa nini? Aliambiwa na serikali yenyewe aache kuficha fedha chini ya godoro. Aliona leseni ya Benki Kuu ukutani. Alipaswa akague vitabu vya benki? Mkaguzi mwenye leseni, shahada na gari la serikali alikuwa wapi mtaji ulipoanza kuvuja?

Tena hao wanaotufundisha kuwa soko lina adabu yake, tuwatazame kwao. Septemba 15, 2008 benki ya Lehman Brothers iliachwa ife kule Marekani. Siku iliyofuata AIG, kampuni kubwa ya bima, ilipokuwa inazama, Benki Kuu ya Marekani iliikopesha dola bilioni 85. Mmoja akazikwa, mwenzake akafufuliwa, katika saa zisizozidi arobaini na nane! Hiyo ni adabu ya soko? Hiyo ni siasa, bwana. Hata kwa wakubwa wa dunia, kufilisika ni uamuzi wa watu waliokaa mezani.

Na jirani zetu Kenya? Mwaka 1996 Kenya National Assurance, kampuni ya bima ya serikali yao, iliingia kwenye ufilisi. Mwaka 2005 ikafuata United Insurance, mwaka 2011 Blue Shield, zote zikawekwa chini ya usimamizi maalumu. Hizi mbili zilikuwa zinakatia bima matatu. Kampuni ya bima ikiwekwa chini ya usimamizi, malipo yanasimamishwa. Aliyevunjika mguu anasubiri. Na akichoka kusubiri, anamgeukia mwenye gari. Wakenya walianzisha mfuko wa kuwafidia wenye bima, lakini nao ukaja na kikomo: shilingi 250,000 za kwao kwa dai moja. Mfuko upo, kikomo kipo, na kabwela yupo palepale.

STIKA YAKO INAKUHUSU

Sasa, kijana wa bodaboda, umeona tunapoelekea? Unadhani habari za benki ya Mbinga ni za wazee wa kahawa. Ile stika uliyolipia ni ahadi ya kampuni fulani kwamba siku ukimgonga mtu, wao watalipa. Sheria inakulazimisha kuinunua. Vizuri. Lakini kampuni hiyo ikifilisika kabla ya kulipa, aliyegongwa atamdai nani? Atakudai wewe, na pikipiki yako ndiyo mali ya kwanza atakayoiona.

Na ulazima unazidi kupanuka. Mwaka 2022, kupitia Sheria ya Fedha, bima ililazimishwa kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, mizigo inayotoka nje, pamoja na meli na vivuko. Mimi sipingi. Mtu yeyote aliyewahi kuliona Ziwa Nyasa likichafuka mwezi wa saba, upepo wa kusini unapovuma na mawimbi yanapanda kama kuta, hawezi kupinga bima ya chombo cha abiria. Barabara ya lami kutoka Mbinga imefika Mbamba Bay, ujenzi wa bandari mpya umeanza, vyombo vitaongezeka, abiria wataongezeka, na hatari itaongezeka.

Lakini serikali inaponilazimisha ninunue kitu, inachukua dhamana. Huwezi kunishika mkono na kunipeleka dukani kwa lazima, halafu duka likifungwa na fedha yangu ndani uniambie ni biashara huria. Kulazimisha kulipa ni kazi ya sheria. Basi na kulipwa kuwe kazi ya sheria ileile, kwa ukali uleule. Trafiki anakukamata dakika ileile stika inapokwisha. Nani anamkamata mkurugenzi wa bima madai yanapopitisha mwaka?

TUNATAKA NINI

Hatutaki huruma. Hatutaki mkubwa aje Mbinga na msafara, aahidi, apigiwe ngoma, aondoke. Tunataka mambo ya kuandikwa kwenye sheria, ambayo hata awamu ikibadilika hayabadiliki.

Kwanza, kikomo cha bima ya amana kisingoje hisani ya mtu. Kipimwe upya kwa muda uliotajwa na sheria, kifuate bei za vitu. Kikomo kinacholala miaka huku sukari na mbolea zinapanda ni kikomo kinachopungua kila siku bila Bunge kuulizwa.

Pili, siku za kulipa zihesabiwe na zitajwe. Kama benki inaweza kufungwa kwa tangazo la asubuhi moja, kiasi kilichokatiwa bima kilipwe ndani ya siku zinazojulikana. Na hesabu za ufilisi, nani amelipa deni na nani bado, zibandikwe Mbinga mjini kwa Kiswahili, ambako wenye fedha wanapita. Wakopaji wakubwa wafuatwe kwanza, kabla ya mwenye mkopo wa mfuko wa mbolea.

Tatu, wenye bima ya gari, boti na maisha waambiwe waziwazi: kampuni yangu ikianguka, nani ananilipa, kiasi gani, na kwa muda gani? Jibu liandikwe kwenye karatasi ya bima kwa herufi kubwa kama zile za kutaja ada. Kama jibu linatia aibu, basi sheria ibadilishwe hadi jibu lisitie aibu.

Nne, anayepuliza filimbi asiwe na timu. Kwa sheria ya mabenki ya 2006, Gavana anayeifunga benki ndiye mwenyekiti wa bodi ya bima inayolipa na kufilisi. Kwenye bima, wizara yenye NIC ndiyo yenye msimamizi wa NIC. Sisemi watu hao ni wabaya. Nasema hata malaika ukimpa kofia mbili atavaa ile inayomstahi zaidi.

Tano, kipimo kiwe kimoja. Kama benki ya serikali inaweza kuunganishwa na nyingine ili mteja asiumie, basi hata benki ya wakulima itafutiwe mnunuzi au mwenza kabla ya kupimiwa sanda, na ikishindikana, umma uelezwe ilishindikanaje.

Kijana, usisubiri yakufike. Kesho ukilipia stika, uliza jina kamili la kampuni na uhakikishe imesajiliwa TIRA. Ukifungua akaunti, uliza kikomo cha bima ya amana ni kiasi gani, na uangalie sura ya karani akijibu. Akija mgombea kijiweni kwenu na fulana na kofia, mwache aongee, kisha muulize maswali mawili tu: benki yetu ikifa, nalipwa kiasi gani? Kampuni ya bima ikifa, nani anamlipa niliyemgonga? Ukiona anaanza kuimba, ujue hajui, au anajua na hataki wewe ujue.

Wana-Mbinga walitii kila awamu. Walipoambiwa walime kahawa, walilima. Walipoambiwa waungane kwenye ushirika, waliungana. Walipoambiwa wapeleke fedha benki, walipeleka. Deni sasa liko upande wa pili, na deni halifutwi kwa kubadilisha awamu.